Kuchagua zana ya ripoti za majaribio: mwongozo kwa timu za programu nchini Uganda

Timu ya programu ambayo majaribio yake karibu yote huendeshwa na mashine hainunui zana ya ripoti ili ijue idadi ya majaribio yaliyofaulu, kwa maana idadi hiyo huonyeshwa bure na kila mfumo wa majaribio. Inanunua jibu la swali moja: jaribio lililoanguka usiku limeanguka kwa sababu gani, na je, mtu ambaye hakuliandika anaweza kuijua sababu hiyo bila kuliendesha upya? Zana zilizomo humu nimezipanga kwa kipimo hicho, nikiongeza mambo mawili ambayo timu ya Kampala, Mbarara au Gulu haiwezi kuyapuuza, nayo ni gharama inayolipwa kwa dola na mahali data inapohifadhiwa.

Kipimo hicho nilikipata kazini. Tulikuwa tukijenga mfumo wa malipo kwa simu, na majaribio yaliendeshwa saa nane za usiku. Asubuhi moja ripoti ilionyesha kwamba jaribio la kutoa pesa limeanguka, likiwa na mstari mmoja tu wa maelezo: kitufe cha kuthibitisha hakikuonekana. Hapakuwa na picha ya skrini, wala kumbukumbu ya mawasiliano na seva, wala historia ya siku zilizotangulia. Watu watatu tulikaa na jaribio hilo hadi saa saba mchana, tukiliendesha tena na tena kwenye kompyuta zetu, na kila mara lilifaulu. Mwishowe ilibainika kwamba mazingira ya majaribio ya mtoa huduma wa malipo yalikuwa yamechelewa kujibu, na muda wa kusubiri ukaisha ukurasa ukiwa haujamaliza kufunguka. Picha moja ya skrini ingetuambia hayo papo hapo. Jaribio lile lile lilikuwa limeanguka vivyo hivyo wiki iliyotangulia, lakini ripoti za zamani zilikuwa zimeshafutwa.

Kabla ya kulinganisha bei, hakikisheni kwamba zana inapokea matokeo ya muundo wa JUnit XML, yaani faili la maandishi linaloorodhesha kila jaribio na matokeo yake. Muundo huo ni wa zamani na hauna mapambo, lakini zana za kuandika na kuendesha majaribio kama pytest, Playwright, Cypress na Maven zote zinaweza kuutoa, na Jenkins na GitLab, ambazo huanzisha majaribio zenyewe kwa ratiba au programu inapobadilika, huusoma moja kwa moja. Timu inayotunza matokeo yake kwa JUnit XML inaweza kuhama zana wakati wowote bila kupoteza kumbukumbu zake.

Nafasi ya kwanza naipa Allure Report, hasa kwa timu ya watu watatu hadi kumi na watano ambayo inatumia lugha zaidi ya moja ya programu. Ni ya chanzo huria, haina ada ya leseni, na ina viunganishi vya pytest, JUnit, TestNG, Cypress, Playwright na Cucumber, kiasi kwamba majaribio ya seva yaliyoandikwa kwa Java na yale ya ukurasa yaliyoandikwa kwa JavaScript yanaweza kukaa katika ripoti moja. Kinachonifanya niipendelee ni jinsi inavyotenganisha aina mbili za kuanguka. Jaribio ambalo lilifika mwisho likakuta jibu lisilo sahihi, kwa mfano salio la shilingi 45,000 mahali pa 50,000, huonyeshwa kwa rangi nyekundu. Lile lililovunjika njiani kwa kosa jingine, kama seva kukataa kuunganishwa, huonyeshwa kwa rangi ya manjano. Asubuhi, kabla hata chai haijapoa, kiongozi wa timu huona kwa kutazama rangi kama aanze na waandishi wa programu au na watu wa seva.

Allure ina kasoro mbili ambazo huwakatisha tamaa wengi, na zote mbili zina dawa. Ya kwanza ni kwamba ripoti ya Allure 2 haikumbuki siku zilizopita yenyewe: folda ya historia inapaswa kunakiliwa kutoka ripoti ya jana na kuwekwa pamoja na matokeo ya leo kabla ya kutengeneza ripoti mpya, la sivyo grafu ya mwelekeo itaonyesha siku moja tu milele. Kwa Jenkins, kiunganishi cha Allure hufanya kazi hiyo kwa niaba yenu. Kasoro ya pili ni kwamba ukifungua faili la ripoti kwa kulibofya tu, kivinjari hukataa kupakia data iliyo pembeni yake na ukurasa hubaki mtupu. Kuna chaguo la kutengeneza ripoti nzima katika faili moja, na faili hilo linaweza kutumwa hata kwa WhatsApp kwa mteja aliyeko Entebbe, naye akalifungua bila kusakinisha chochote.

Ya pili ni ripoti inayokuja pamoja na Playwright, zana ya majaribio iliyotolewa na Microsoft mwaka 2020. Ikiwa majaribio yenu yote yameandikwa kwa Playwright, ihesabuni kuwa ya kwanza na msinunue kitu kingine kwa sasa. Uwezo wake mkubwa umo katika rekodi ya hatua: kwa kila hatua unaona ukurasa ulivyokuwa kabla na baada ya kubofya, maombi yaliyotumwa kwa seva na majibu yake. Iwekeni irekodi pale tu jaribio linaporudiwa baada ya kuanguka, kwa sababu rekodi za majaribio yote hujaza diski haraka na kumaliza bando la anayezipakua. Jaribio linaloanguka kisha likafaulu kwa kurudiwa huwekewa alama yake kuwa ni geugeu, na alama hiyo isipuuzwe. Inachokosa ni historia ya wiki na miezi.

ReportPortal naiweka ya tatu, ingawa kwa shirika lenye timu tano au zaidi na maelfu ya majaribio kila usiku ingepanda juu kabisa. Nayo ni ya chanzo huria, ilianzia katika kampuni ya EPAM, na hupokea matokeo wakati majaribio yangali yanaendelea. Mtu akishaamua kwamba kuanguka fulani kumetokana na hitilafu ya bidhaa, ya jaribio lenyewe au ya mazingira, mfumo hutumia uamuzi huo kupendekeza sababu za maanguko yanayofanana nao baadaye. Uwezo huo una gharama yake. Hifadhidata, foleni ya ujumbe na injini ya utafutaji vyote huendeshwa kwenye seva yenu, na lazima awepo mtu wa kuitunza, kuihifadhia nakala na kuiinua tena umeme unaporudi. Timu isiyo na mtu huyo isianze nayo.

Nafasi ya nne ni huduma za kulipia kama Allure TestOps, Qase, Testmo na TestRail. Zinafaa pale mkaguzi au mteja anapodai ushahidi uliopangwa wa kila toleo, au pale ambapo bado kuna majaribio mengi ya mkono. TestRail, kwa mfano, ilijengwa kuzunguka majaribio yaliyoandikwa na kutekelezwa na watu, na timu inayotegemea mashine hulipia sehemu kubwa isiyoitumia. Pale bei inapohesabiwa kwa kila mtumiaji, ulizeni kama msimamizi anayetazama ripoti mara moja kwa wiki naye anahesabiwa, kisha mwongeze kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayotozwa huduma zinazoagizwa kutoka nje.

Jambo la data ni zito zaidi. Picha za skrini hubeba majina, namba za simu na hata namba za kitambulisho cha taifa ikiwa mazingira ya majaribio yana data ya wateja halisi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaruhusu data binafsi kuchakatwa nje ya Uganda pale tu nchi hiyo ina ulinzi wa kutosha au mwenye data ameridhia. Tumieni data ya kubuni katika majaribio, na ulizeni seva za muuzaji ziko nchi gani. Aidha, Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na ripoti iliyoko ng'ambo haifikiki siku kama hizo, ilhali iliyo kwenye seva ya ofisini husomeka.

ExtentReports, zana nyingine ya ripoti, siipendekezi kwa mradi mpya. Imewasaidia sana watumiaji wa Java na .NET, lakini waundaji wake wametangaza kwamba inaelekea ukomo na nafasi yake inachukuliwa na ChainTest.

Mkishabaki na zana mbili, zijaribuni kwa matokeo yenu wenyewe na si kwa maonyesho ya muuzaji. Vunjeni majaribio matatu makusudi: moja kwa kubadilisha kiasi cha pesa, la pili kwa kuzima hifadhidata, la tatu kwa kuchelewesha jibu la seva. Mpeni ripoti mwenzenu ambaye hakuyaandika, mwacheni peke yake, na mpime dakika anazotumia kutaja sababu zote tatu.