Uzoefu wangu wa kuendesha bajaji kwa programu ya simu Dar es Salaam

Ninaendesha bajaji ya mkataba, na abiria wangu wengi siku hizi huwapata kupitia programu ya simu ya kampuni ambayo sitaitaja. Namwandikia dereva mwenzangu anayefikiria kujisajili, kwa sababu matangazo humwonyesha nauli bila kumwonyesha kinachobaki mfukoni.

Faida ipo, tena kubwa. Kijiweni Mwenge hungoja zamu, ilhali kwa programu naweza kumshusha abiria Mikocheni na kumpata mwingine hapo jirani. Ubishi wa bei pia umekwisha.

Kinachoumiza ni makato. Abiria wengi hulipa taslimu, hivyo kampuni huniandikia kamisheni yake kama deni ndani ya programu. Tuseme nauli ni shilingi 5,000 na kamisheni ni asilimia 25: shilingi 1,250 si zangu ingawa ninazo mkononi, na katika 3,750 zinazobaki bado nanunua mafuta na kutenga hesabu ya bosi, yaani kiasi ninachompelekea mwenye bajaji, ambayo haipungui hata siku ikiwa mbaya. Deni likifikia kiwango walichokiweka, maombi ya safari hukatika mpaka nilipe kwa simu, na aghalabu hukatika jioni, saa ambayo watu ndio kwanza wanatoka kazini. Mwendo wa kumfuata abiria nao haulipwi. Nikiwa Mwenge nikaitwa Sinza wakati wa foleni, mafuta ya kufika huko ni juu yangu, na abiria akighairi njiani nimekula hasara.

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Uber, ambayo siyo kampuni ninayoizungumzia hapa, ilisitisha huduma zake Aprili mwaka huo, ikarejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kwetu barabarani, asilimia 10 hizo zilizoongezwa ni shilingi 500 katika kila nauli ya 5,000.

Mwenye chombo chake namshauri ajisajili, mradi atenge kamisheni pembeni kila amalizapo safari. Anayeendesha kwa hesabu asikiache kijiwe. Na kampuni naiomba jambo moja: mwendo wa kumfuata abiria uingizwe kwenye nauli kabla ya kamisheni kukatwa.