Vitabu vya kutafutia mababu wa New England ya miaka ya 1600: kipi ununue kwanza

Kama ukoo unaoufuatilia ulifika New England, yaani kaskazini-mashariki mwa Marekani kwenye sehemu kama Massachusetts au Connecticut, miaka ya 1600, vitabu viko vingi mno na vizuri vyake bei imesimama, kwa hiyo mi navipanga kwa kigezo kimoja tu: mwandishi anakuonyesha habari kaitoa wapi? Asipoonyesha, usimpe hela nyingi.

Namba moja haina ubishi, The Great Migration Begins ya Robert Charles Anderson, juzuu 3, ilitoka 1995, ya waliofika kati ya 1620 na 1633. Humo kila mtu ana kama faili lake: katokea wapi, kahama lini, kazi gani, kajiunga kanisa lipi, alijua kusaini jina au alikuwa anaweka alama tu, mali, ndoa, watoto, na karibu kila kitu kina rejea ya daftari la kanisa, la mji au la mahakama. Mwishoni anaweka maoni yake, na hapo ndo anazika uvumi wa zamani, hasa ile tabia ya kumtafutia babu ukoo wa kibwanyenye Uingereza. Kwa sehemu hiyo peke yake hela yako imerudi. Ila angalia mwaka kabla hujalipa! Waliofika 1634 na 1635 wako kwenye mfululizo mwingine wa juzuu 7, umepangwa kwa alfabeti, hivo nunua juzuu yenye herufi ya jina la ukoo wako tu, nyingine waachie maktaba. Aliyefika 1637 hayumo kwenye hizo zote, huyo mwangalie kwenye The Great Migration Directory ya 2015, inafika 1640, lakini jamani maelezo ni mistari michache, kazi yake ni kukuelekeza ukachimbe wapi.

Ya pili ni New England Marriages Prior to 1700 ya Clarence Almon Torrey, na hapa watu wanapigwa sana. Toleo la 1985 ni kitabu kimoja, mtumba wake unapatikana kirahisi, ila halina vyanzo kabisa, unaona mume, mke, tarehe na mahali basi, na kama jina la kwao mke halijulikani utakuta kistari tu. Toleo la 2011 la juzuu 3 ndo limerudishiwa vyanzo vyake. Likikushinda bei katumie la maktaba, manake ndoa isiyo na chanzo utaanza kuitafuta upya tu.

James Savage, ile Genealogical Dictionary yake (kamusi ya koo) ya juzuu 4 (1860–1862), kwangu ni ya tatu kwa umuhimu ila ya mwisho kwa kununua. Ni ya zamani, haina tena hakimiliki, kwenye tovuti ya Internet Archive unaipakua bure. Ina vizazi vitatu vya waliofika kabla ya Mei 1692, wengi ambao Anderson hajawagusa, lakini vyanzo havitaji ipasavyo na baadhi ya mambo yamesharekebishwa na watafiti wa baadaye. Ukitaka ya karatasi chukua ile iliyochapwa upya na nyongeza mbili, masahihisho ya 1873 na faharasa ya 1884, sio zile kopi za skani zenye kurasa zilizofifia.

Alafu kuna vile vya rangi ya fedha, Mayflower Families Through Five Generations. Vizuri sana, ila nunua tu kama tayari una abiria wa Mayflower, ile meli ya walowezi wa 1620, kwenye mti wako wa ukoo, manake kila juzuu ina familia zake chache.

Charles Edward Banks, ile Topographical Dictionary yake ya 1937, mi sinunui. Inakutajia kijiji cha Uingereza alikotoka mtu kwa uhakika ambao ushahidi wenyewe mara nyingi haupo.

Na chochote utakachonunua, ukikuta Februari 1640/41 sio kosa la uchapaji, mpaka 1752 mwaka rasmi wa Waingereza ulikuwa unaanza Machi 25, yaani Februari hiyo kwao bado ni 1640 ila kwa hesabu yetu ni 1641, kwa hiyo nakili namba zote mbili kama zilivyo.