Alendroneti na paja langu: niliambiwa ni uzee

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa shingo upande, maana kuna mambo siwezi kuinyima dawa hii hata nikiwa na hasira namna gani.

Nilikuwa nameza vidonge vya alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isidhoofike, vya mara moja kwa wiki. Wanaovitumia wanajua masharti yake: alfajiri kabla hujatia kitu tumboni, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa umekaa wima, hakuna kujilaza wala chai. Sikuandikiwa ovyo. Baridi yabisi imenimezesha predinisoloni, ambayo ni steroidi, miaka mingi, na dawa za aina hiyo hula mifupa. Pingili yangu moja ya mgongo ilikuwa imeshabonyea. Tangu nianze vidonge hivi, mgongo haujanisumbua tena. Hilo nalikubali.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Masika fulani paja la kulia likaanza kuuma. Si goti wala nyonga, ni katikati ya paja, ndani kabisa, maumivu ya chinichini yanayoamka kila ninapokanyaga. Nikaenda kliniki yangu ya siku zote. Nikamkuta daktari kijana, rika la kitinda mimba wangu. Shikamoo hakunipa, macho yako kwenye kompyuta. Nikaweka mkono nikamwonyesha: hapa. Akanijibu, "Mama, kwa umri huo ulitaka usiumwe?" Akaandika diklofenaki ya kutuliza maumivu, na hapohapo akaniongezea alendroneti ya miezi mingine. Hakuinuka kunishika paja. Hakuuliza nameza dawa hiyo tangu lini, na faili liko mbele yake! Nikamwomba eksirei. "Ya nini? Kwani umeanguka?"

Kwani nimeanguka. Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo mwili unanitetemeka, kwa sababu paja hilo lilikuja kuvunjika, na mvunjiko wa aina hii hauhitaji mtu aanguke. Mfupa kwa kawaida unabomolewa na kujengwa upya kidogokidogo maisha yote. Alendroneti inazilaza seli zinazobomoa, ndiyo maana mfupa haupungui. Ila ukikaa nayo miaka mingi ni kama fundi aliyekatazwa kubandua plasta ya zamani: nyufa ndogondogo zinabaki humo humo na kuongezeka. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mvunjiko huu wa paja mwaka 2010, ikaagiza liandikwe kwenye maelezo ya dawa. Maumivu ya paja au kinena, wiki au miezi kabla ya mfupa kukatika, yametajwa waziwazi. Kesi ya Fosamax, ambayo ni alendroneti ya kampuni ya Merck, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2019 ikiwa na walalamikaji zaidi ya 500 wenye mapaja yaliyovunjika. Ni jambo linalojulikana. Yule kijana aliambiwa dalili yenyewe na mgonjwa mwenyewe, akaiita uzee.

Nilikuwa jikoni, nimesimama, nageuka kufuata sufuria. Paja likalia kó, ndipo nikaanguka. Naomba mpangilio huo ueleweke: mfupa ulitangulia, sakafu ikafuata. Picha ilionyesha umekatika kwa kukingama, karibu mstari mnyoofu, na upande wa nje wa mfupa umenenepa pale pale nilipokuwa nikionyesha kidole. Nimewekewa chuma kirefu ndani ya mfupa, natembelea wóka.

Daktari bingwa aliyenifanyia upasuaji, mtu mzima, alinisalimia kwanza. Swali lake la pili likawa: "Mama, alendroneti umeila miaka mingapi?" Nikamwambia imepita mitano kitambo. Akatikisa kichwa, akaisimamisha siku hiyohiyo, akaagiza na paja la kushoto lipigwe picha, kwa kuwa tatizo hili mara nyingi huja pande zote mbili. La kushoto nalo limeanza kunenepa. Swali moja tu lingetosha, jamani. Baada ya miaka kama mitano ya vidonge, mgonjwa anapaswa kupimwa upya ionekane kama aendelee au apumzishwe. Mimi nilikuwa naongezewa tu, mwaka baada ya mwaka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiiguse dawa hii. Siwezi. Utafiti wa California uliochapishwa 2020, wa wanawake karibu 200,000, ulikuta kwamba katika kila wanawake wa Kizungu 10,000 wanaoitumia miaka 3, nyonga 149 zinaokolewa na mapaja mawili ndiyo yanayovunjika hivi. Kwa wenye asili ya Asia ni 91 kwa manane. Hatari hupanda miaka ikizidi, na kwa watumiaji wa steroidi kama mimi, lakini hesabu bado iko upande wa dawa. Na nyonga ikivunjika uzeeni nimeona inavyomaliza watu.

Dada yangu ameandikiwa vidonge hivihivi juzijuzi. Nimemwambia ameze. Nimemwandikia mwezi na mwaka alioanza dawa juu ya jalada la faili lake, kwa kalamu nyekundu, na chini yake: PAJA LIKIUMA, EKSIREI, MAPAJA YOTE MAWILI.

Basi dawa naipandisha, nyota tatu. Ile kliniki haipati hata moja, na sirudi.