Vikombe vya Meza ya Bwana vilivyofungwa tayari: vinamfaa nani?

Kikombe hiki kidogo cha plastiki kina vifuniko viwili: utando wa juu umeshika kaki ya mkate, wa chini umefunika juisi ya zabibu. Bandua wa juu kwanza, ukishika kikombe ukingoni. Ukikibana tumboni, juisi huruka mara kifuniko cha pili kinapoachia. Wazee wafunguliwe vikombe vyao mapema. Mchakacho wa plastiki katikati ya sala unaudhi kweli.

Kwa makanisa yanayoshika "fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu" (Luka 22:19) kama Zwingli, mwanamageuzi wa Kanisa huko Uswisi, alivyofundisha, yaani kama kumbukumbu, kinatosha. Kwa Wakatoliki hakifai kabisa: kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa hudai mkate wa ngano tupu na divai halisi ya zabibu, na matone yaliyobaki ya damu ya Kristo hayatupwi jaani. Waorthodoksi nao hakiwafai, kwa kuwa hutumia mkate uliotiwa chachu. Hata wanaomfuata Calvin, mwanamageuzi mwingine, wanaoamini kwamba kwa Roho waumini hulishwa Kristo mwenyewe, watakosa jambo zito: mkate mmoja unaomegwa (1 Wakorintho 10:16-17). Anayevinunua aweke pia mkate mzima mezani, umegwe mbele ya wote.