Bendi ya Tumbo ya Kupunguza Uzito: Eti "Inatoleka"?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Bidhaa ya leo si ya kujaribu wiki moja ukairudisha dukani. Hii inashonewa tumboni: bendi ya kupunguza uzito.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Hii ni ya maonyesho tu. Mkanda huu wa silikoni huzungushwa sehemu ya juu ya tumbo, kinabaki kijifuko kidogo, unashiba mapema. Upande wa ndani una puto, mnaliona? Mrija huu unatoka kwenye puto hadi kwenye hiki kikombe kidogo kinachofichwa chini ya ngozi. Daktari anachoma sindano hapa: akiongeza maji ya chumvi bendi inabana, akiyanyonya inalegea. Ufundi wake naukubali. Tumbo halikatwi, utumbo hauguswi.

Sasa tuje kwenye neno wanalolipenda wauzaji: "inatoleka." Ndiyo, inatoleka, lakini kwa upasuaji mwingine na nusukaputi nyingine, safari hii kwenye tumbo lenye makovu. Na uzito huwarudia wengi. Hilo kwenye tangazo hulioni.

Kinachonitisha zaidi ni bendi kutafuna ukuta wa tumbo. Inakwenda polepole mpaka inatokeza ndani, na inaweza isiume kabisa. Mtu anashangaa tu siku hizi anakula kama zamani, au ngozi juu ya kile kikombe inavimba na kutoa usaha miezi mingi baada ya kidonda kupona. Ukiona hivyo, dawa ya kupaka si jibu. Mwambie daktari apitishe kamera tumboni.

Halafu kuna kuteleza. Sehemu ya tumbo iliyo chini ya mkanda inapenya na kupanda juu yake: kiungulia usiku, kutapika, maumivu. Damu ikishindwa kufika pale, hiyo ni dharura. Bendi ikibanwa kupita kiasi kwa muda mrefu, umio nao unatanuka. Mrija kuvuja au kikombe kupinduka ni mambo madogo, ila nayo yanaweza kukurudisha chumba cha upasuaji.

Na bendi haijui soda! Vinywaji vitamu, aiskrimu, chokoleti, vyote vinateleza vikapita, wakati kipande cha nyama kinakwama. Kuna watu wanaishia kuishi kwa vitu laini vitamu, halafu wanalaumiwa wao.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha Lap-Band, chapa mojawapo ya bendi hii, mwaka 2001. Mwaka 2011 mamlaka hiyohiyo ilivionya vituo vya upasuaji kule California kwa matangazo yasiyotaja hatari ipasavyo. Mwaka huo bendi ilikuwa takriban theluthi moja ya upasuaji wa kupunguza uzito nchini humo; kufikia 2018 ilibaki kama asilimia 1. Madaktari wenyewe walihama. Mimi siipendekezi kwa mtu anayeanza leo, hasa kama hana uhakika wa kumpata daktari wa kuirekebisha miaka yote atakayokuwa nayo.

Kwa wewe uliye nayo tayari: hata maji yakigoma kushuka, au ukitapika mfululizo, usisubiri kesho. Nenda hospitali, waambie mapema kwamba una bendi, uliza kama kuna anayeweza kutoa maji yake kwa sindano. Kutapika kwa muda mrefu kunamaliza vitamini B1 mwilini, na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika, kwa hiyo hilo nalo litaje ukifika.