Assassin's Creed Shadows: giza limekaa sawa, ila shinobi kanyimwa nguo za kubadilisha

Tazama kandili ile pale kwenye kona ya ukuta. Mlinzi kasimama chini yake, mkuki mkononi, anaangalia huku tuliko. Sasa mtafute Naoe, yule shinobi (ninja) ninayemchezea. Humwoni, eh? Yuko hapa, kalala kifudifudi, hatua sita tu kutoka miguuni kwa huyu bwana, na bwana mwenyewe hana habari. Ngoja nimsogeze kidogo... mguu umeingia kwenye mwanga. Umeona? Kashageuza shingo. Narudi nyuma. Nimetulia, na yeye katulia.

Karibuni tena, familia. Najua nimepotea wiki mbili, maikrofoni ilikufa na sikutaka kuwaletea sauti mbovu. Sasa ipo mpya, na kuanzia leo tunakutana kila Ijumaa usiku.

Hadithi sitaisimulia, ukubwa wa ramani sitautaja, hayo mmeyasikia tangu gemu ilipotoka Machi 2025, baada ya kuahirishwa mara mbili. Mimi nataka tuongelee kunyata. Nimecheza mfululizo huu miaka mingi, na kujificha kulikuwa ni kuingia kwenye nyasi ndefu basi, yamekwisha. Unachuchumaa kwenye kichaka mchana kweupe, walinzi wanapita wanne, unawamaliza mmoja mmoja kama unachuma maembe. Safari hii Ubisoft, waliokaa Quebec kule Kanada kuitengeneza, wameamua kwamba mwanga ndio jicho la adui.

Ona alama hii ndogo kwenye skrini. Inakuambia kama uko gizani au umeangazwa. Narusha shurikeni, kile chuma kidogo cha kurusha chenye ncha kali, kwenye kandili... paa! Imezimika. Uwanja wote huu ulikuwa wa mlinzi, sasa ni wangu. Natambaa kwa tumbo, kitu ambacho mfululizo huu haukuwahi kuturuhusu kabla ya hapa. Napita chini ya ngazi, natokea kwenye milango ya karatasi, ile wanayoiita shoji. Humo ndani kuna mshumaa, kwa hiyo kivuli cha mtu kinaonekana kwenye karatasi, kinatembea. Nasubiri. Anakuja. Anakuja... upanga unapita kwenye karatasi. Hakuna aliyesikia.

Nirudie tena polepole, maana hapa ndipo nilipoinunulia. Ule mshumaa ulikuwa unamlinda yeye, na ndio huohuo uliomuuza. Hiyo ndiyo uhalisia ninayoitafuta kwenye gemu za kihistoria. Damu nyingi kila mtu anaweza kuchora. Lakini usiku wa Japani ya miaka ya 1580, ambako mwanga wote unatokana na mafuta, nta au kuni, huo ukiutengeneza vizuri mchezaji anaanza kufikiri kama mtu wa zama zile. Mvua ikinyesha, hatua zako zinamezwa na mvua. Kipindi cha baridi bwawa ulilojificha ndani yake majira ya joto, ukipumua kwa mrija, linaganda. Ngome ileile, njia nyingine kabisa. Nimeipenda sana hii.

Kuna kitu kimoja kwenye mwanga hakijanikaa. Aliyekulia kwenye kibatari anajua: ukikaa karibu na moto halafu ukageuka kutazama nje, huoni kitu. Jicho linahitaji kama nusu saa kulizoea giza vizuri. Kwa hiyo mlinzi anayeota moto angepaswa kuwa kipofu wa usiku kuliko mwenzake aliye kwenye giza la ghala. Nimejaribu mara kadhaa, sikuona tofauti. Gemu inapima mwanga ulio juu yangu, haipimi macho yake. Hilo naliachia, ni gumu kulitengeneza.

Hili lingine siliachii.

Naoe ni mtu wa Iga, mkoa wa Japani uliosifika kwa shinobi. Kuna kitabu cha mbinu za shinobi kinaitwa Bansenshukai, kilikusanywa mwaka 1676, na kinagawa kazi yao mafungu mawili. Fungu moja ni kuingia kwa kujificha, ndilo hili tunalocheza. Fungu la pili ni kuingia waziwazi, uso unaonekana, ila hakuna anayejua wewe ni nani. Unavaa kama mtawa, kama mchuuzi, unapita getini unasalimia. Yale mavazi meusi ya kubana tunayoyajua yamekuzwa na jukwaa la maigizo, huku shinobi wa kweli alitaka afanane na watu.

Sasa nioneshe hilo liko wapi humu. Nimeshuka sokoni, watu wamejaa, niko na Naoe. Hapa kuna kundi la wasafiri linatembea. Naingia katikati yao. Naenda nao mwendo uleule. Tunafika getini... wamenipigia kelele mimi peke yangu! Angalia, ni mimi tu. Wakati gemu ya kwanza kabisa ya mfululizo huu, mwaka 2007, ulikuwa unaingia katikati ya watawa, unainamisha kichwa, unapita mbele ya walinzi wa Jerusalem. Leo wametupeleka kwa mabingwa wenyewe wa kujigeuza, halafu wakakiondoa kitu hicho. Hii imeniuma.

Na jirani amefanya. Nenda kacheze Kingdom Come: Deliverance II, gemu ya wale jamaa wa Prague, hadithi yake iko Bohemia (Ucheki ya leo) mwaka 1403. Kule nguo ni kila kitu. Ukivaa chuma, unalia kama kabati la sufuria. Ukivaa rangi kali, unaonekana mbali. Usipooga, wanakunusa. Ukitembea mjini usiku bila mwenge, askari anakusimamisha akuulize una shida gani, maana mtu mwema hatembei gizani. Kule ninaogopa kuiba hata mkate. Ila kupigana kwake kunachosha mikono, na mwanzo wake ni mzito, sitawaficha.

Ghost of Tsushima, gemu nyingine ya Japani ya kale, msinitajie upande huu. Nzuri kwa macho, upepo unakuelekeza, naipenda, lakini walinzi wake nawaonea huruma.

Halafu Yasuke, mhusika wa pili tunayemchezea, mpiganaji Mwafrika. Mimi nilidhani nitamchezea kwa dakika kumi nirudi kwa Naoe, kwa sababu hanyati huyu, akishuka paani nyumba nzima inajua. Nimebadilisha mawazo. Mtu huyu alikuwepo kweli. Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, alipokutana naye mwaka 1581 aliagiza aoshwe, akidhani rangi ni wino. Padri Mfaransa, François Solier, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Pwani yetu hii hii, familia, kaskazi na kusi zilezile. Ukimtembeza barabarani wenyeji wanamkodolea macho, na hapo kutokuweza kujificha kwake kunakuwa kweli kuliko kitu chochote humu ndani. Nimetembea naye jioni nzima bila kuchomoa upanga. Msinicheke, nilitaka tu kumtazama.

Bei. Ilitoka kwa dola 69.99, kwetu hapa ni zaidi ya shilingi laki na sabini za Tanzania, na inakula zaidi ya gigabaiti 100, kwa hiyo pigia hesabu na bando. Mimi nilinunua siku ya kwanza kwa bei kamili. Wewe subiri punguzo, yanakuja mara kwa mara. Ukishaipata, kwenye mipangilio weka kunyata kwenye ngazi ya juu kabisa, kwa sababu huko ndiko walinzi wanapotazama juu ya mapaa. Ukiiacha ngazi ya kawaida, mapaa yanakuwa barabara yako binafsi na kandili zote hizi zinapoteza kazi.

Bonyeza kengele kama hujabonyeza. Ijumaa ijayo naweka ngome moja, usiku mmoja, bila kuua mtu hata mmoja, kiangazi kwanza halafu baridi.

Subiri, huyu mlinzi anarudi. Kandili ya pili bado inawaka... hapana, usiguse. Acha apite. Acha apite... Kapita. Twende.