Kopo langu la nikeli na mzee wa kaunta

Alizisukuma sarafu zangu kwa kifuniko cha kalamu. Hakuzishika. Moja moja, kulia, kushoto, kama mtu anayechambua mchele na kila punje anaiona jiwe. Nimesimama mbele yake, binti yangu wa miaka tisa ubavuni, na kwa dakika kumi za mwanzo yule mzee hakunitazama usoni hata mara moja. Kwa hiyo kama uko Columbus, Ohio, una nikeli za zamani nyumbani, yaani sarafu za Marekani za senti tano, na unafikiria kuzipeleka kwenye duka lile la sarafu (silitaji, aliyewahi kusimama pale atalijua), ushauri wangu wa kwanza ni usiende. Ushauri wa pili uko huko chini na haufanani na wa kwanza. Haya nimeyaandika kwa siku mbili tofauti, mnisamehe.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu wa Tabora. Alinitumia video kwenye WhatsApp: nikeli ya Marekani ya mwaka 1913, senti tano tu, imeuzwa mamilioni ya dola. "Shemeji, wewe uko hukohuko, kagua mifuko!" Na mimi mtu mzima mwenye ndevu nikakagua mifuko. Wiki kadhaa baadaye bibi jirani yetu akawa anahamia kwa mwanawe, kaweka vyombo vyake nje ya gereji anaviuza, na katikati ya sahani nikaona kopo la kahawa limejaa senti tano tupu. Nikampa dola 25. Akafurahi, nikafurahi. Tulipozimwaga mezani zilikuwa karibu mia mbili, na katika zile za juu kabisa kulikuwa na moja yenye kichwa cha Mwamerika wa asili upande huu, nyati upande ule, na chini ya shingo, kwa kukazia macho, 1913.

Nilivuta kiti nikakaa. Mke wangu akauliza kama naumwa.

Sasa sikilizeni ambalo video ile haikulisema. Ya mamilioni si ya nyati. Ni ile ya zamani zaidi yenye kichwa cha mwanamke, Liberty, ambayo ilipaswa kuishia mwaka 1912. Za mwaka 1913 zinajulikana tano tu duniani, zilitoka kiwanda cha sarafu kwa njia ambayo kiwanda chenyewe hakikuiandika popote, na zote tano zina wenyewe. Moja iliuzwa mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Nyingine mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1962, wataalamu wakawaambia ndugu zake ni bandia, ikakaa kabatini miaka na miaka mpaka mwaka 2003 ilipowekwa pamoja na wenzake wanne na kuonekana ni halali kabisa. Za nyati za mwaka huohuo wa 1913 ziligongwa kwa makumi ya mamilioni. Yangu, kwa ulivyosagika uso wake, ni dola chache. Lakini haya niliyasoma baadaye, kwa hasira. Usiku ule nilikuwa bado tajiri.

Na ndipo tulipozisafisha.

Nataka hili lieleweke, maana ndilo lililoniletea aibu. Mama yangu aliuza nyanya sokoni Tabora miaka mingi. Nyanya ilifutwa kwa kanga mpaka ing'ae, ndipo ipangwe kwenye fungu. Mteja halipii vumbi. Kwa hiyo mimi na mama watoto tulikaa jikoni na bakuli la siki, chumvi na miswaki miwili ya zamani, tukasugua nikeli moja moja mpaka saa saba usiku. Ziling'aa! Nikazipanga kwenye taulo jeupe kama vijiko vya harusi.

"Umezisugua?" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya yule mzee wa kaunta. Hakuna karibu, hakuna habari za asubuhi.

Nikasema ndiyo, tumezisafisha.

"Kwa nini?"

Jamani. Mtu husafisha kitu kwa nini?

Akashusha pumzi ndefu kupitia puani, akaendelea na kifuniko chake cha kalamu. Wanunuzi wa sarafu, nimeshajifunza, hulipia ngozi ya sarafu kama ilivyozeeka yenyewe: ule weusi, ule ukijivu, hata ule uchafu mdogo kwenye mikunjo ya nywele. Ukisugua umeichuna ngozi, na hairudi tena. Chini ya lenzi mikwaruzo inaonekana kama njia za ng'ombe kwenye mbuga. Sawa. Lakini je, hilo haliwezi kusemwa kwa sauti ya binadamu? "Bwana, siku nyingine usizioshe." Maneno manne. Mdomo hauchakai.

Nikamtolea bunduki yangu ya pili: nyati wa miguu mitatu, mwaka 1937. Hii nilikuwa nimeisoma vizuri. Fundi wa kiwanda cha Denver alisugua muhuri wa kugongea sarafu kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukafutika, na nikeli zilizotoka na kasoro hiyo zinauzwa mamia ya dola hata zikiwa zimechakaa. Yangu ilikuwa na miguu mitatu. Nilihesabu, mke wangu akahesabu, mtoto akahesabu. Mzee akaigeuza kwa kalamu, akagusa sehemu moja chini ya maandishi ya senti tano, akasema, "D iko wapi?" Za Denver zina herufi D. Yangu haikuwa na herufi, maana yake ilitoka Philadelphia, na huko nyati wa mwaka ule walizaliwa na miguu minne. Kuna mtu alikaa na tupa akaukata mguu huo. Na mzee akacheka. Hakucheka sana, alicheka kidogo tu, kwa pua, na hicho kidogo ndicho kimenikaa kooni hadi leo.

Zilizobaki alizigawa kwa haraka. Za kawaida zenye kichwa cha Rais Jefferson, nyingi mno: "Peleka benki." Za nyati zisizosomeka mwaka, kama thelathini: senti 20 kila moja. Mchoraji wao, Fraser, aliweka mwaka begani, mahali palipoinuka kuliko pote, kwa hiyo mikono ya watu iliula mwaka kabla ya kitu kingine chochote, na nikeli isiyo na mwaka ni kama ng'ombe asiye na alama. Nilisoma kuna dawa ya tindikali inayorudisha tarakimu. Inazirudisha kweli, ila kwa wakusanyaji sarafu hiyo inahesabika imeunguzwa. Za wakati wa vita, 1942 hadi 1945, nilikuwa nazo kumi na nne: dola moja moja.

Hapo niliwaka. Zile za vita zina fedha halisi, asilimia 35, kwa sababu nikeli yenyewe kama madini ilitakiwa kwa ajili ya silaha. Utazijua kwa herufi kubwa juu ya paa la jumba la upande wa nyuma. Sarafu ina gramu tano, kwa hiyo fedha ndani yake ni gramu 1.75, na kwa bei ya siku zile ilikuwa dola moja na nusu na ushee. Alikuwa ananikata senti hamsini na zaidi kwa kila moja, kweupe. (Nimeambiwa baadaye kwamba fedha hiyo imechanganywa na shaba na manganizi, kuitenganisha ni gharama, na karibu wanunuzi wote hupunguza. Nimelisikia. Bado senti hamsini ni senti hamsini.)

Nikaanza kuzirudisha koponi. Sikutaka hata zile senti ishirini zake. Ndipo binti yangu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akatoa nikeli moja. Alikuwa ameiiba mezani ile siku ya kwanza kabisa kwa sababu ya nyati, akakaa nayo shuleni na nyumbani, haikupita kwenye siki. Nyeusi, ina uchafu, ina nini sijui cha pipi ukingoni.

"Na hii?" akamuuliza.

Yule mzee akaweka kalamu chini. Akaishika kwa mkono. Kwa vidole viwili, pembeni, kama unavyoshika yai la moto. Akavaa lenzi jichoni, akageuza, akageuza tena, akakaa kimya. Kisha akainama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto: mwaka 1921, herufi S, San Francisco. Mwaka ule pale waligonga milioni moja na nusu tu na kidogo. Akamwambia hii usiiuze leo, ukiiuza usikubali chini ya dola 40, na, hapa nanukuu, "usimwache baba yako aisogelee na siki."

Mbele ya mtoto wangu! Nilihisi masikio yamechemka. Na hapohapo akampa kikadi cheupe chenye kidirisha cha plastiki cha kuwekea sarafu, bure, akaandika mwaka na herufi kwa mwandiko mzuri sana, akamuuliza unatoka wapi. Watoto hawasemi nchi. Akasema, "Baba anatoka Tabora."

Mzee akanyanyua kichwa. "Tabora? Ya tembo?"

Hakuna mtu Ohio aliyewahi kuniambia neno Tabora. Aliingia nyuma akarudi na kitabu kikubwa: rupia 15 za dhahabu, mwaka 1916, tembo mbele, Kilimanjaro nyuma yake, zimegongwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli Tabora wakati vita vimewazingira. Reli ile nimeivuka kwa miguu tangu naenda shule ya msingi. Kwetu bado tunaita pesa hela, neno lililotoka kwenye sarafu yao ndogo, heller, na kuna wanaume wameuza ng'ombe wakafuata matapeli wa "rupia za Mjerumani" zilizofukiwa. Lakini ya tembo sikuwahi kuiona, nikaja kuonyeshwa na mtu aliyekataa kunipa mkono. Sikujua nimshukuru au niondoke. Niliondoka.

Mngeniuliza jioni ile, ningempa nyota moja na kuinyofoa nusu.

Halafu nikaenda kwenye maonyesho ya sarafu, ukumbi wa hoteli, meza kibao. Kijana mmoja akatupokea kwa tabasamu, akanipa mkono, akamsifia binti yangu gauni, akauliza safari, akauliza Kiswahili cha asante. Nikamwonyesha ile ya 1921. Akaitazama kwa upole, akasema nzuri, ina historia, lakini imechakaa, anaweza kujikaza dola 8. Binti yangu akanivuta mkono. "Baba, yule babu alisema arobaini." Kijana aliendelea kutabasamu. Nilipita meza mbili zaidi, moja wakataja 38, nyingine 45.

Kwa hiyo sasa niseme nini? Yule mzee hana adabu, na pale duka zima linanuka dharau. Ila angeweza kumpa mtoto dola tano na pipi akabaki na sarafu, na mimi ningemwambia mwanangu sema asante. Ukienda, nenda na sarafu chafu, usiulize 1913, hesabu miguu ya nyati kisha tafuta herufi, na usitegemee salamu. Nyota tatu. Nne, kama una mtoto. Nikikumbuka kile kicheko cha pua, mbili.

Binti yangu anataka turudi Jumamosi. Mzee alimwambia atafute ya 1926 yenye S, ni ngumu zaidi, na sasa amemaliza sarafu za benki ya jirani kwa kuomba kubadilishiwa noti. Mama watoto atampeleka ndani. Mimi nitabaki garini.